Yubile ya Watu, Yubile ya Udongo



Leo tumeimba na kushukuru, tumewakumbuka wazee waliobeba mawe juu ya kichwa ili nyumba hii ya Mungu isimame. Ni haki. Lakini katika Agano la Kale, mwaka wa yubile ulikuwa vilevile mwaka wa kupumzisha udongo: watu hawakupanda wala kuvuna mashamba yao. Hivyo Mungu aliwafundisha kama udongo ni mali yake, nao wameazimwa tu.

Basi tujiulize: udongo tulioazimwa hapa Bukavu, kandokando ya ziwa Kivu, tumeutunza namna gani?

Miti ya milima tumeigeuza makala, na nyumba tumezijenga hata pale udongo unapoporomoka. Tusisahau tarehe 4 ya mwezi wa tano, mwaka 2023. Siku ile, kule Kalehe, mito ilifurika, ikafunika Bushushu na Nyamukubi, na watu zaidi ya 400 wakafa. Mvua ilikuwa kubwa, ndiyo. Lakini mulima uliovuliwa miti yake hauwezi kushika maji.

Tena kuna taka. Sashe na chupa za plastiki tunazotupa katika mifereji zinashuka ziwani, toka ziwani zinafuata muto Ruzizi mpaka kwenye barazhi inayotupa umeme tangu mwisho wa miaka ya 1950. Pale zinaziba mashini. Jioni tunalalamika katika giza, kumbe giza hilo tumelitupa sisi wenyewe asubuhi.

Je, tukate tamaa? Hapana. Mutume Paulo aliwafundisha Waroma kama viumbe vyote vinaugua mufano wa mama mwenye kuzaa. Uchungu wa namna hiyo unangojea uzima. Lakini ni mama gani anayengojea mutoto bila kumutayarishia nguo? Matumaini yetu nayo hayakai bure, yakingoja malaika waje kusafisha mufereji.

Hatumuhukumu mama anayenunua makala, maana watoto wake wanapaswa kula. Baba Mutakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015, alitukumbusha kama kilio cha dunia na kilio cha maskini havitengani. Tumejionea wenyewe: mulima ukishuka, nyumba ya maskini ndiyo inayoanguka kwanza. Kwa hiyo muzigo huu tuubebe pamoja.

Tunaomba kila shirika la parokia lipokee kazi tatu. Ya kwanza: kwa kila mutoto anayebatizwa, muti mumoja upandwe, na wazazi pamoja na baba na mama wa ubatizo wautunze. Ya pili: posho moja ya kila mwezi, tusafishe mifereji yetu, wakubwa na wadogo. Ya tatu: wenye kujua kutengeneza mbabula isiyokula makala mengi wawafundishe wengine bila malipo.

Wazee wetu walituachia kanisa lenye kuta. Sisi tuwaachie watoto wetu kanisa lenye kivuli, juu ya mulima unaosimama. Wakati wao watakapofanya yubile, waone miti yetu, wajue kama tulitumaini kweli.

Mungu, Muumba wetu, awabariki ninyi wote.