Jibu la Kisima



Kidato cha pili tulipewa zoezi la fizikia: jiwe laangushwa kisimani, lafika majini baada ya sekunde 2, kina chake mita ngapi? Nilinakili jibu la jirani yangu: 40. Alikuwa amesahau kugawa kwa mbili. Mwalimu alipoona kosa moja katika madaftari mawili, alimshuku yeye, kwani mimi nilikuwa kiranja. Nikanyamaza. Mwenzangu akafyeka nyasi siku tatu.

Usiku nilikokotoa mwenyewe: nusu ya 10, mara 2, mara 2. Mita 20. Ndipo nikaelewa.

Vijana, koseni kwa akili zenu wenyewe.

Nawe ndugu yangu, umeketi pale nyuma: aliyenakili ni mimi. Niwie radhi.