CHACHU INA MPAKA WAKE
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi)



Leo hatusemi habari za mishahara. Twataka kusema habari za kileo, kwa maana kimepofusha na kuua wafanyakazi wengi.

Wazee wetu walijua kutengeneza pombe tangu zamani. Lakini kuanzia mwaka 1857 Mfaransa Louis Pasteur alionyesha kwamba chachu ni vijidudu vilivyo hai. Hula sukari, nao hutoa kileo pamoja na hewa ile iletayo povu. Mgema wa Kilifi aona jambo hili kila siku: tembo la asubuhi ni tamu, la jioni ni kali, na likiachwa siku nyingi huwa siki. Wakikuyu hutia tunda kavu la muratina katika maji ya asali, kwa sababu chachu hukaa ndani yake. Katika busaa, kimea cha wimbi ndicho kigeuzacho unga kuwa sukari, kisha chachu hupata chakula.

Sasa, ndugu, shikeni neno hili. Chachu ina mpaka. Kileo kikikaribia sehemu 15 katika 100, chachu nyingi hushindwa na kileo chake yenyewe. Basi kinywaji kikali mno kuliko hapo hakikuchacha tu. Kimekenekwa kwa moto, au kimetiwa kitu.

Kitu tunachokiogopa ni methanoli, spiriti ya viwandani. Wauzaji wabaya huitia ili wapate faida upesi, hata katika kinywaji hafifu. Haina rangi, wala ulimi hauwezi kuitambua. Mwaka 2000 iliua watu zaidi ya 100 Nairobi. Mwaka 2014 ikaua tena wengi katika kaunti kadhaa.

Mtu hunywa, hulala, na kesho yake huona ukungu machoni. Wenzake humcheka, wakisema, "Ni pombe ya jana tu." La! Ndani ya mwili methanoli inageuka kuwa asidi iharibuyo macho. Mpelekeni hospitali saa ile ile. Dawa ya kuizuia iko, lakini haimngoji mtu aamke.

Hatukuja kumhukumu anywaye wala kumsifu asiyekunywa. Twasema hivi tu: kinywaji usichojua kilikotoka, kiache. Na mwenzetu akisema haoni, tusimwache chumbani peke yake. Tukisimama pamoja kwa ajili ya mshahara, tusimame pamoja kwa ajili ya uhai pia.