Fibroidi: Mwanamke Aelezwe Njia Zote Kabla ya Kuamua

Mazungumzo ya afya kwa wakazi wa kaunti



Kuna mzigo ambao wanawake wengi huubeba kimyakimya. Mama anayeuza mboga sokoni hujifunga leso mbili siku zake za mwezi zinapofika. Mwalimu huketi nyuma kabisa mkutanoni ili ainuke wa mwisho. Mwingine hapandi matatu bila kutandika mfuko wa nailoni kwenye kiti. Akiulizwa, hujibu, "Ni mambo ya wanawake tu." Mama yake alivuja damu vivyo hivyo, na dada yake pia, kwa hiyo haoni sababu ya kwenda kituo cha afya.

Damu ya hedhi inayojaza sodo kila baada ya saa moja au mbili, inayotoka na mabonge makubwa, au inayoendelea kwa zaidi ya siku 7, si ya kuzoewa. Ni dalili ya ugonjwa, na mojawapo ya sababu zake kuu ni fibroidi.

Fibroidi ni nini?

Fibroidi ni uvimbe unaoota kwenye misuli ya mfuko wa uzazi. Si saratani. Unaweza kuwa mmoja au mwingi, mdogo kama punje ya dengu au mkubwa kama tikitimaji. Hukua kwa kutegemea homoni za kike, na ndiyo maana mara nyingi hunywea mwanamke anapokoma hedhi. Hautokani na kulogwa, wala si adhabu ya kuchelewa kuzaa.

Ni ugonjwa wa wengi. Utafiti uliofanywa jijini Washington, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2003, ulikadiria kuwa kufikia umri wa miaka 50, zaidi ya asilimia 80 ya wanawake weusi na karibu asilimia 70 ya wanawake weupe huwa wamepata fibroidi. Wanawake weusi pia huzipata wakiwa na umri mdogo zaidi. Wengi hawasikii lolote na hawahitaji matibabu. Wenye dalili ndio wanaoteseka: damu nyingi, maumivu ya tumbo na kiuno, kwenda haja ndogo mara kwa mara, tumbo kufura mpaka majirani wanauliza mtoto atazaliwa lini, na uchovu unaotokana na upungufu wa damu. Baadhi hufikia hatua ya kuongezwa damu.

Jibu moja kwa kila mwanamke?

Tuseme mwanamke wa miaka 43, mwenye watoto watatu, anafika hospitalini baada ya kuanguka kwa kizunguzungu. Picha ya altrasaundi inaonyesha fibroidi nne. Anaambiwa mfuko wa uzazi utolewe, na anapewa tarehe. Anarudi nyumbani akiwa na karatasi mkononi na hofu moyoni. Hajui kama mume wake atamwona bado ni mke kamili, wala ni nani atakayeendesha kibanda chake kwa wiki sita. Basi haendi. Anaendelea kuvuja damu mwaka mwingine, pengine miwili.

Upasuaji aliotajiwa si mbaya. Kuondoa mfuko wa uzazi humaliza fibroidi kabisa, na wako wanawake wanaosema walichelewa kuufanya. Kosa ni kwamba mama huyu aliambiwa njia moja tu. Kuna dawa za kupunguza damu. Kuna upasuaji wa kutoa uvimbe pekee na kuuacha mfuko. Na kuna njia ambayo wanawake wengi hawajawahi kuisikia: kuziba mishipa inayoulisha uvimbe. Madaktari huiita embolaizesheni.

Njia hii ilianzaje?

Ilianza Ufaransa. Daktari wa wanawake Jacques Ravina na wenzake jijini Paris walikuwa wakiziba mishipa ya damu ya mfuko wa uzazi kabla ya upasuaji wa fibroidi, ili mgonjwa asipoteze damu nyingi mezani. Baadaye waligundua kwamba baadhi ya wanawake walipata nafuu kubwa wakiwa bado wanangojea upasuaji, hata wakaona hawauhitaji tena. Mwaka 1995 madaktari hao walichapisha matokeo yao katika jarida la The Lancet, na tangu hapo njia hii ikasambaa duniani.

Novemba 2004, Condoleezza Rice, ambaye siku chache tu kabla alikuwa ameteuliwa kuwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alifanyiwa embolaizesheni katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Georgetown, Washington. Aliruhusiwa kwenda nyumbani siku iliyofuata. Kama mwanamke mwenye cheo kama hicho aliweza kutangaza kwamba ana fibroidi, hakuna haja ya mama yeyote hapa kwetu kuona haya.

Ukanda wetu wa Afrika Mashariki nao haujaachwa nyuma. Tangu mwaka 2018, madaktari wamekuwa wakipata mafunzo ya tiba radiolojia katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam. Hapa Kenya, huduma hii bado iko katika hospitali chache kubwa, hasa jijini Nairobi. Kwa hiyo mkazi wa mashinani atahitaji barua ya rufaa, nauli, na maelezo ya kutosha kabla ya safari.

Mwanamke hupitia nini?

Kabla ya siku yenyewe, mwanamke hupimwa damu na kupigwa picha, mara nyingi ya MRI, ili madaktari wajue fibroidi ziko wapi na zina ukubwa gani. Hupimwa pia kuhakikisha hana mimba wala maambukizi.

Siku ya matibabu halazwi kwa nusukaputi. Hupewa dawa ya kumtuliza, na sindano ya ganzi kwenye kinena au kifundo cha mkono. Daktari bingwa wa tiba radiolojia huingiza mrija mwembamba kwenye mshipa wa damu, huku akiufuata kwa eksirei, mpaka unafika kwenye mishipa miwili inayopeleka damu katika mfuko wa uzazi. Kisha huachilia chembechembe ndogo kama mchanga laini, ambazo huenda zikaziba njia ya damu. Fibroidi hukosa chakula na kuanza kunywea. Sehemu nyingine za mfuko huendelea kupata damu kupitia mishipa mingine. Kazi yote huchukua kama saa moja hadi mbili, na hakuna mshono tumboni.

Jambo ambalo kila mwanamke anapaswa kuambiwa mapema ni maumivu. Kuziba mishipa kwenyewe hakuumi sana. Yanayouma ni yale ya saa chache baadaye, uvimbe unapokosa damu. Usiku wa kwanza tumbo hukaza na kuachia, na wanawake wengi huyafananisha maumivu hayo na uchungu wa hedhi mara kadhaa au uchungu wa kuzaa. Ndiyo maana hulazwa usiku huo na kupewa dawa kali za maumivu. Aliyeandaliwa huvumilia akijua yatapita. Asiyeambiwa hudhani kuna jambo limeharibika, na hofu huongeza maumivu.

Siku zinazofuata mwili huchoka. Homa ndogo, kichefuchefu na kukosa hamu ya chakula ni kawaida kwa siku chache. Baadhi hutokwa na uchafu ukeni kwa wiki kadhaa. Wengi hurudi kazini baada ya wiki moja au mbili, ingawa anayebeba magunia au kulima asiharakishe.

Nafuu haiji kwa siku moja. Hedhi huanza kupungua ndani ya miezi michache ya kwanza, na fibroidi huendelea kunywea kwa miezi 3 hadi 6, mara nyingi zikipungua kwa karibu nusu ya ukubwa wake. Haziondoki zote. Mwanamke anayetarajia tumbo kulala siku ya pili atavunjika moyo bure.

Tafiti zinasema nini?

Nchini Uingereza, wanawake 157 wenye fibroidi waligawanywa kwa kura: wengine wakafanyiwa embolaizesheni, wengine upasuaji. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Waliofanyiwa embolaizesheni walilala hospitalini kwa kawaida siku 1, na waliopasuliwa siku 5. Walirudi kazini mapema zaidi. Baada ya mwaka mmoja, hali ya maisha ya makundi yote mawili haikutofautiana sana.

Lakini hesabu ina upande wa pili. Baada ya miaka 5, karibu mwanamke 1 kati ya 3 waliofanyiwa embolaizesheni alikuwa amehitaji matibabu mengine, ilhali kwa waliopasuliwa walikuwa wachache sana. Nchini Uholanzi, wanawake walifuatiliwa kwa miaka 10, na karibu theluthi mbili ya waliofanyiwa embolaizesheni hawakuwa wametolewa mfuko wa uzazi. Theluthi iliyobaki hatimaye ilitolewa.

Utafiti mwingine wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2020, ulilinganisha wanawake 254. Waliotolewa uvimbe kwa upasuaji na kuachiwa mfuko walipata nafuu kubwa zaidi baada ya miaka miwili kuliko waliofanyiwa embolaizesheni, ingawa makundi yote mawili yalipata nafuu.

Maana yake ni kwamba hakuna njia iliyo bora kwa kila mtu. Anayetaka kumaliza jambo mara moja anaweza kuchagua upasuaji. Anayeogopa kisu, au asiyeweza kukaa wiki sita bila kazi, au anayethamini kubaki na mfuko wake, anaweza kuchagua embolaizesheni akijua huenda akarudi tena hospitalini.

Anayetaka kuzaa, na asiyefaa

Mwanamke anayetarajia kupata watoto aseme mapema, bila kuficha. Wapo waliopata mimba na kujifungua salama baada ya embolaizesheni, lakini kuna wasiwasi kuhusu mimba kuharibika na kuhusu mayai ya uzazi kupungua. Kwa hiyo madaktari wengi humshauri kwanza upasuaji wa kutoa uvimbe pekee. Kwa walio na zaidi ya miaka 45, hedhi inaweza kukoma kabisa baada ya matibabu haya.

Haimfai mjamzito, mwenye maambukizi ya nyonga ambayo hayajatibiwa, wala anayeshukiwa kuwa na saratani. Mwenye ugonjwa wa figo, au aliyewahi kudhurika na dawa ya kupigia picha, amweleze daktari.

Akiwa ameshafika nyumbani, mwanamke akipata homa kali au isiyopungua, uchafu wenye harufu mbaya, au maumivu yanayozidi badala ya kupungua, aende hospitalini siku hiyo hiyo. Maambukizi makali ni nadra, lakini hayangojei asubuhi.

Hatua za kuchukua

Kwanza, mwenye dalili aanzie kituo cha afya kilicho karibu naye, au azungumze na mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chake. Apimwe kiwango cha damu, apigwe picha ya altrasaundi, na akihitaji apewe rufaa.

Pili, aandike tarehe za hedhi na idadi ya sodo anazotumia kwa siku. Daktari huielewa haraka zaidi hesabu kuliko neno "nyingi".

Tatu, aulize maswali haya kabla ya kutia sahihi: Fibroidi zangu ni ngapi, ziko wapi, na zina ukubwa gani? Je, ni lazima nitibiwe sasa? Ni njia gani zote zinazonifaa, na kwa nini? Nikichagua hii, kuna uwezekano gani wa kuhitaji matibabu tena? Itaathiri vipi uzazi wangu? Gharama ni kiasi gani, na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, italipa sehemu gani? Majibu ya gharama yapatikane kwa hospitali yenyewe kabla ya kuuza mbuzi au kuchukua mkopo wa chama.

Akina baba nao wana sehemu yao. Mke anayelala mchana si mvivu. Huenda damu imemwishia mwilini. Mume amsindikize kliniki, asikilize maelezo, na akumbuke kwamba mwili ni wa mke na sahihi ni ya mke. Mama mkwe naye asimwite mgumba binti anayetibiwa.

Yule mama wa miaka 43 anaweza bado kuchagua kutolewa mfuko. Anaweza kuchagua embolaizesheni, au dawa mpaka hedhi ikome yenyewe. Chochote atakachochagua akiwa ameelezwa yote, atakwenda kukitimiza kwa tarehe aliyopewa, na damu yake itakoma kumwagika bure. Yeyote mwenye dalili hizi asingoje mpaka aanguke. Kituo cha afya kiko wazi, na swali la kwanza halilipiwi.