Kujisomea kozi za ziada mwaka wa EXETAT

(Maneno tuliyosema mbele ya wazazi na vijana wa chama, Bukavu)

Tuliombwa tuseme kwa kifupi, maana mvua iko inakuja na wengine watapanda mpaka Cahi kwa miguu.

Tangu tuanze kupita kwa jamaa zilizorudi, kuna ulizo moja tunakutana nayo Kadutu, Panzi na Bagira. Kijana yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, tuseme opsio ya pedagojia. Anataka kusomea udaktari. Basi usiku anajifunza kemia na fizikia ya wale wa siantifike, peke yake, na daftari la kuazima. Mzazi anatuuliza: tumwache ao tumukataze? Ndani ya ile ulizo kuna franga. Shule za msingi za serikali ni za bure tangu 2019, lakini sekondari tunalipa bado. Nyumba nyingi ziko na nguvu ya kulipa mara moja, hapana mara mbili.

Tuangalie kwanza mawazo haya yanatoka wapi. Wengi wenu muko na ndugu waliotoka kambi ya Nyarugusu ao Nakivale wakapelekwa Marekani. Kule mwanafunzi wa sekondari anaweza kufanya mitihani inayoitwa AP. Inafanyika mwezi wa tano, na alama zinaenda kutoka 1 mpaka 5. Hata kama shule yake haina darasa la kozi ile, anaweza kujisomea nyumbani, akatafuta shule ya kumupokea siku ya mtihani. Yunivasiti inaiona alama yake, na kuna zinazomupunguzia kozi za mwaka wa kwanza. Kwa hiyo binamu akipiga simu akisema, "Soma zaidi, wataona," hasemi uongo. Anasema mambo ya kule aliko.

Huku, nani ataona? Diploma ya Serikali inaandika opsio moja na asilimia moja. Haina mstari wa kusema huyu alisoma pia kemia kwa mshumaa wakati SNEL imekata umeme. Ukifika kujiandikisha UOB, UCB ao ISTM, wanauliza diploma na asilimia yake. Ukiwa na 50 umeshinda. Ukiwa na 49 unarudi nyumbani, hata kama kemia unaijua kuliko mwalimu.

Maoni yetu, na tunayasema wazi: mpaka siku ya mwisho ya item, finalisti asome opsio yake. Kama yuko na saa mbili za usiku, zote mbili ziende kwa kozi za opsio, Kifaransa na culture générale. Na hapa tuseme neno juu ya wasichana. Anarudi shule, anachota maji, anapika, anaogesha wadogo. Zile saa mbili hana, ana moja, na ile moja anasinzia. Mzazi anayetafuta franga za mwalimu wa nyumbani aanze kwa kumuondolea kazi moja. Kaka yake naye anajua njia ya robine.

Kemia iko na wakati wake. Kati ya item na kufunguliwa kwa mwaka wa yunivasiti kunapita miezi, na vijana wengi wanaimalizia Nyawera ao Essence kwa kutembea. Hapo ndipo kujisomea kunalipa. Mwaka wa kwanza wa udaktari, profesa hakuulizi ulitoka opsio gani. Anaendelea kama kila mtu anajua tayari. Kuna pia fakulte zinazoweka mtihani wao wa kuingia, na masharti yanaweza kubadilika, kwa hiyo mutume mtoto aulize mwenyewe kwenye aparitora. Achukue kozi moja, mbili ni mwisho. Aazime madaftari kwa mwenye alimaliza siantifike na alishinda, na atafute mwanafunzi wa udaktari wa kumueleza mara moja kwa juma. Yale makaratasi ya item za zamani yanayouzwa barabarani ni mazuri kwa kuzoea mtihani, lakini yanafundisha kuchagua jibu tu.

Sasa kwa wale waliorudi kutoka Uganda, mambo yanageuka. Kwao kozi ya ziada ni ya lazima, na inaitwa Kifaransa. Disertasio inakuja hors-session, mbele ya item, na kuna Kifaransa cha kusema pia. Kijana mmoja alituambia, "Mi majibu niko nayo, ila haitokake na Kifaransa." Culture générale nayo inauliza historia na jiografia ya Kongo, naye alifundishwa ya Uganda. Waliosoma Nyarugusu walifuata programu ya Kongo, hawana mzigo huu.

Mujue pia kwamba cheti cha UCE, kile cha S4, hakimalizi sekondari. Aliyefika S6 akapata UACE anaweza kuomba ekivalansi. Wa S4 yuko na njia mbili: kurudi darasani kwenye humanités, ao kujiandikisha otodidakti. Otodidakti anapita kwanza mtihani wa kumuchuja mbele ya kufika kwa EXETAT yenyewe, na hana mwalimu wa kumusahihisha. Kama mtoto ana miaka 17 ao 18, sisi tunasema arudi darasani, hata kama atakaa na wadogo wake. Haya ya kukaa nao inapita mwezi wa kwanza. Mwenye watoto na kazi, huyo ndiye otodidakti. Na mutu anayewaambia atapanga jina la mtoto kwenye orodha ya walioshinda, mumuache na orodha yake.

Mama mmoja alituuliza mbele ya mkutano: na kama wangu hasikii, kemia ameishika tu? Tulimujibu aombe bultini ya periodi. Kama kozi za opsio ziko juu ya 60, amuachie kemia siku ya posho. Kama ziko chini, lile daftari la kuazima lirudishwe kwa mwenyewe mpaka item ziishe.

Wa otodidakti mutuletee bultini zote za kule mulikosoma, hata zilizopasuka, siku ya tano asubuhi. Tutaenda pamoja kwenye ofisi ya inspeksio kuuliza tarehe za kujiandikisha.