Hati za Serikali na Lugha Iliyo Wazi

  Mazungumzo ya leo ni juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu amekutana nalo, ingawa si wengi walioketi wakalifikiri: lugha ya hati za serikali, yaani matangazo, amri, fomu na barua zitokazo maofisini kuja kwa raia. Hati ya namna hiyo haijamaliza kazi yake siku ilipotiwa sahihi na muhuri. Kazi yake yaisha siku ile mtu aliyeandikiwa alipofahamu limpasalo kufanya. Nami nataka kuwaonyesha jinsi hati ngumu iwezavyo kuandikwa upya ikafahamika, pasipo kuiharibu sheria iliyomo.

Kwanza mjue kwamba shida hii si yetu peke yetu, wala haikuanza jana. Wanormani waliishinda Uingereza mwaka 1066, na baada ya hapo lugha ya wakubwa ikawa Kifaransa. Kwa muda mrefu mashauri yalisemwa mahakamani kwa Kifaransa, na kumbukumbu zake zikaandikwa kwa Kilatini. Mkulima wa Kiingereza aliweza kusimama mbele ya hakimu, akashtakiwa, akatetewa na kuhukumiwa, asijue lililosemwa. Mwaka 1362, katika enzi ya Mfalme Edward wa Tatu, ilitungwa sheria kwamba mashauri yasemwe kwa Kiingereza, kwa sababu watu hawakujua Kifaransa. Na ajabu yake ni kwamba sheria hiyo yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa! Kilatini nacho kilikawia kuondoka. Sheria ya kukiondoa katika kumbukumbu za mahakama ilipitishwa mwaka 1731, ikaanza kutumika mwaka 1733.

Je, lugha ilipokuwa yao wenyewe shida ikaisha? La. Makarani na wakubwa wa ofisi walijifunza kuandika Kiingereza ambacho Waingereza wenyewe hawakukifahamu. Mwezi wa Agosti 1940, vita vikiwa vikali, Waziri Mkuu Winston Churchill aliwaandikia wakuu wa serikali waraka mfupi, akiwataka wafupishe taarifa zao na kuacha maneno yasiyo na kazi. Mwaka 1948 Sir Ernest Gowers, mtumishi wa serikali wa siku nyingi, alitoa kijitabu kiitwacho Plain Words, yaani maneno yaliyo wazi, kwa ombi la Hazina ya Uingereza, ili watumishi wajifunze kuandika barua zinazofahamika. Hata hivyo mwaka 1979 mwanamke mmoja wa Liverpool, Chrissie Maher, ambaye katika utoto wake hakujua kusoma, alisimama karibu na Bunge mjini London, akazikatakata fomu za serikali mbele ya watu, ili kuonyesha zilivyowatesa maskini. Na Marekani ilitunga sheria mwaka 2010 ya kuwalazimisha watumishi wa serikali kuu kuwaandikia raia kwa lugha iliyo wazi.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1967 serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba shughuli zake zifanywe kwa Kiswahili, na mwaka huohuo likaundwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Mwaka 2021 Bunge likapitisha sheria iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Hizo ni hatua kubwa, nasi twazishukuru. Lakini habari za Uingereza zatufundisha kwamba kubadili lugha ni kufungua mlango wa kwanza tu. Ndani yake mna mlango wa pili. Hati yaweza kuwa ya Kiswahili kutoka juu hata chini, na Mswahili akaisoma mara tatu asipate kitu.

Tuchukue mfano. Tangazo hili nimelitunga mwenyewe, wala si la ofisi yoyote, lakini maneno yake mtayatambua. Sikilizeni:

“Wananchi wote wanaarifiwa kwamba, kwa mujibu wa mamlaka husika, kutafanyika utekelezaji wa zoezi la uhakiki na upimaji wa mipaka ya maeneo yanayomilikiwa na kaya, na kwamba pingamizi lolote kuhusiana na matokeo ya zoezi hilo halitapokelewa isipokuwa limewasilishwa kwa maandishi ndani ya kipindi cha siku thelathini tangu tarehe ya tangazo hili, na kinyume cha hapo mhusika atahesabiwa kuwa ameridhia.”

Basi, fikirini mama mjane aliyeachiwa shamba na marehemu mumewe. Tangazo limebandikwa kwenye mti karibu na ofisi ya kijiji. Mjukuu wake amsomea vizuri, bila kukosea hata herufi moja. Mama asikia “zoezi”, asikia “mipaka”, asikia “pingamizi”. Ajua kuna jambo juu ya ardhi, akarudi kupalilia. Siku zikapita. Jirani yake aliyekuwapo siku ya kupima aliwaonyesha wapima mpaka hatua kumi ndani ya shamba la mama. Mama alipokwenda kulalamika, akajibiwa kwamba muda umekwisha, naye amehesabiwa kuwa ameridhia. Hakuridhia kamwe! Hakufahamu tu. Ndilo jambo zito katika maneno yetu ya leo: tangazo lilikuwa na neno moja la kumwokoa mama huyo, kwamba akinyamaza amekubali, nalo lilifichwa mwisho kabisa, baada ya msomaji kuchoka.

Hebu tuchunguze ugonjwa wa tangazo hilo.

La kwanza, vitendo vimeuawa. Nguvu ya Kiswahili iko katika vitendo: pima, andika, leta, kataa. Mwandishi wetu ameacha kusema “watapima mashamba”, akasema “kutafanyika utekelezaji wa zoezi la upimaji”. Kitendo kimoja kimegeuzwa kuwa jina, kikabebeshwa majina mengine mawili. Na hilo neno “zoezi”, sisi walimu twalijua kuwa ni kazi apewayo mwanafunzi ili ajizoeze. Kupima shamba la mtu si kujizoeza.

La pili, mtendaji hayupo. “Kutafanyika” na nani? “Halitapokelewa” na nani? Mama akitaka kuuliza, amwendee nani? Sentensi isiyo na mtu ndani yake humwacha msomaji bila mlango wa kubisha.

La tatu, makatazo mawili yamefungwa pamoja: “halitapokelewa isipokuwa”. Mtu husikia “halitapokelewa”, akakata tamaa kabla ya kufika kwenye “isipokuwa”. Afadhali kusema, “Tutalipokea ukilileta kwa maandishi.”

La nne, mambo matano yamo katika sentensi moja. Hiyo ni sawa na mtu anayemtwika mtoto mizigo mitano kichwani kwa mara moja, kisha amlaumu kwa kuiangusha.

Lakini iko kasoro ya tano, nayo ni kubwa kupita zote. Siku thelathini zahesabiwa tangu tarehe ya tangazo. Je, kama wapima watafika wiki ya tatu, na ramani ikamalizika wiki ya tano? Muda wa kukataa utakuwa umekwisha kabla ya kuwapo kitu cha kukataa! Kosa hili halimo katika lugha. Limo katika amri yenyewe. Ndipo tuonapo faida moja isiyotajwa sana: maneno mazito hayamfichi msomaji peke yake, humficha hata mwandishi. Anayejaribu kuandika kwa wazi hulazimika kujua asemalo. Basi mwenye kuandika upya hati ya namna hii asikisie wala asirekebishe kwa akili yake. Imempasa kurudi kwa mkubwa aliyetoa amri na kumwuliza, “Bwana, siku hizi zahesabiwa tangu lini?”

Tuseme ameuliza, akajibiwa. Sasa aandika hivi:

“Kupima mashamba. Wapima wa ardhi watapima mashamba yote ya kijiji hiki kuanzia tarehe 6 Julai. Siku watakapofika kwako, uwepo shambani, au umtume mtu unayemwamini. Ramani itabandikwa katika ofisi ya kijiji tarehe 3 Agosti, njoo uitazame. Ukiona mpaka wako umekosewa, lete barua ya pingamizi, yaani barua ya kusema kwamba hukubali. Kama hujui kuandika, mtendaji wa kijiji atakuandikia bila malipo. Siku ya mwisho ya kupokea barua ni tarehe 2 Septemba, saa tisa na nusu alasiri. Angalia: usipoleta barua mpaka siku hiyo, tutahesabu kwamba umekubali mpaka uliopimwa.”

Mwaona kwamba tangazo la pili ni refu kuliko la kwanza. Msidhani lugha ya wazi ni lazima iwe fupi. Hukata maneno yasiyo na kazi, lakini huongeza yale ambayo msomaji ayahitaji: nani, lini, wapi, na nini kitatokea usipofanya. Tena neno “pingamizi” halikutupwa, kwa kuwa ni neno la sheria na mama atalisikia tena mbele ya baraza, limeelezwa tu. Nayo saa imeandikwa kwa maneno na kutajiwa alasiri. Wako wanaoandika saa kwa hesabu ya Kizungu na wako wanaoandika kwa hesabu yetu. Ukiandika “saa 3” peke yake, mmoja atafika asubuhi na mwingine alasiri, na kila mmoja atakuwa na haki.

Wengine hushindana na shauri hili. Husema kwamba maneno ya kila siku huondoa heshima ya serikali. Lakini heshima ya Kiswahili haikai katika maneno magumu. Mzee wa busara akihukumu ugomvi barazani, husema maneno machache, na hata mtoto aliyesimama nje huyafahamu. Wala hakuna anayemdharau. Salamu na maneno ya adabu yabaki mahali pake mwanzoni na mwishoni mwa barua. Jambo lenyewe liwe wazi.

Wengine husema kwamba sheria haiwezi kusemwa kwa wepesi, kwamba ukiondoa neno moja umefungua mwanya kwa mwerevu. Hofu hiyo ina maana. Kwa hiyo hati iliyoandikwa upya yafaa irudishwe kwa mjuzi wa sheria aipitie kabla haijatoka. Lakini mwanya ulio mkubwa zaidi ni ule wa hati isiyofahamika, maana hapo mwerevu aliyesoma hufahamu peke yake, akamla asiyesoma.

Je, sisi tufanye nini? Wewe mwanafunzi, ambaye kesho huenda ukawa karani au mtendaji, anza mazoea sasa. Ukiandika tangazo, hata la mkutano wa wazazi, mwite mtu asiyejua habari hiyo, umsomee mara moja tu. Usimwulize, “Umefahamu?” kwa sababu kwa adabu atajibu ndiyo. Mwulize, “Kesho utafanya nini?” Akijibu sawasawa, tangazo lako ni jema. Akinyamaza, kosa si lake; chukua kalamu uandike tena.

Nanyi watu wazima, msione haya kuuliza. Kuuliza si ujinga. Ukipewa hati, usiondoke ofisini, wala usitie kidole gumba, mpaka umejibiwa maswali manne: Ninatakiwa kufanya nini? Siku ya mwisho ni ipi? Nimwendee nani? Nisipofanya, kitatokea nini? Jibu la swali la pili liandikwe nyuma ya karatasi hiyo kabla hujatoka mlangoni. Na ukimpa mtoto barua akusomee, usiridhike na kusoma kwake. Mwambie akueleze kwa maneno yake mwenyewe. Akishindwa kueleza, ichukueni barua mwende pamoja kwa aliyeiandika, mkiwa na siku bado mkononi.