Wakanda hawapigi kura

Wakamarade, Black Panther alitokea kwenye katuni za Marvel mwaka 1966. Mobutu alikuwa amekamata utawala tarehe 24 Novemba 1965.

Tunamupenda Black Panther, lakini muangalie vizuri ile filamu ya 2018. Kiti cha mfalme kinapiganiwa na wanaume wawili kwenye maporomoko ya maji. Raia wanasimama kando, wanashangilia. Anayeshinda njo mwenye nchi, na madini yake pia!

Sisi tunaijua ile filamu. Septemba 1960: Kasavubu anafukuza Lumumba, Lumumba naye anafukuza Kasavubu. Baraza la wabunge linakataa kufukuzana kule. Tarehe 14, Mobutu anaweka wote wawili pembeni, bunge nalo anafunga.

Kesho muulizane kwenye avenue yenu: nani anajua jina la mbunge wake?