Bustani ya Majini Ndani ya Kioo

Leo twapenda kuwaeleza kazi ya mikono iwapendezayo wakubwa kwa watoto: kutengeneza bustani ya majini ndani ya chombo cha kioo.

Sisi tukaao Moshi na miteremko ya Kilimanjaro twajua kuongoza maji, kwani mifereji ya wazee wetu huyaleta toka msituni hata vihambani. Lakini maji ya kiooni hayaendi. Hayana budi kutunzwa yasioze.

Twaeni chombo kichukuacho debe moja au zaidi, yaani lita 20 hivi. Tandazeni udongo kidogo usio na samadi, na juu yake mchanga uliooshwa sana. Kisha pandeni majani yaotayo majini. Yavuteni kwa reki mkiwa ukingoni, wala msiingie mabwawani, maana humo huweza kuwamo kichocho. Yaosheni, mwondoe konokono. Wekeni chombo penye mwanga, si juani, kwa kuwa jua kali hufanya maji kuwa ya kijani.

Hapa ndipo wengi hukosea: hutia samaki siku ile ile. Uchafu wa samaki ni sumu kwao wenyewe, mpaka vijidudu visivyoonekana kwa macho viongezeke mchangani na kuugeuza kuwa chakula cha mimea. Basi ngojeni majuma manne, kisha tieni samaki wadogo wawili tu. Wapeni chakula kidogo, na kila juma badilisheni robo ya maji.

Neno la mwisho ndilo kubwa. Katika Ziwa Chala, mashariki ya mlima wetu, yuko perege ambaye asili yake ni humo tu. Mwaka 1889 mtaalamu Albert Günther alimwandika kwa jina la Oreochromis, ambalo mwanzo wake ni neno la Kiyunani lenye maana ya mlima. Leo perege wengi wafugwao duniani huitwa kwa jina hilo lililoanzia kwetu. Lakini yeye mwenyewe yumo hatarini kutoweka, na ziwani mwake wamo perege wengine walioletwa na watu.

Kwa hiyo, mkichoka na bustani yenu, msimwage samaki wala majani mferejini. Mpeni jirani. Kitu kidogo kiooni chaweza kuwa kikubwa ziwani.